Jukwaa lina mfadhili, rasimu ya pili haina

*Mashirika ya fasihi yanayowafundisha vijana kuandika hujulikana kwa vitabu, matamasha na picha za washindi. Kazi yenyewe hufanyika siku ambazo hakuna kamera, na anayeifanya mara nyingi ni kibarua.*

Ukipita Mtaa wa Valencia jijini San Francisco, kwenye nambari 826, utakuta duka la vifaa vya maharamia. Ni duka kweli: lina rafu, lina muuzaji, na ukinunua unapewa risiti. Yanauzwa macho ya kioo, vitambaa vyeusi vya kufunika jicho na bendera zenye fuvu. Mteja asipoangalia, anaweza kudondoshewa madekio kichwani kutoka darini.

Nyuma ya duka mambo ni mengine. Kuna meza, taa, penseli zilizochongwa, na watoto waliotoka shule wamekaa bega kwa bega na watu wazima wanaowasaidia kuandika. Duka lilizaliwa na sheria ya mipango miji tu. Mwaka 2002 mwandishi Dave Eggers na mwalimu Nínive Calegari walipotaka kufungua kituo cha uandishi kwa watoto wa eneo hilo, waliambiwa jengo liko kwenye eneo la biashara, hivyo lazima kuuzwe kitu. Wakauza uharamia.

Kisa hiki husimuliwa sana, na kwa kawaida huishia hapo, watu wakiwa wamecheka. Kinachofuata hakichekeshi. Eggers alikisimulia mwenyewe mwaka 2008, alipopewa Tuzo ya TED: milango ilipofunguliwa, wasaidizi wa kujitolea walikaa mezani wakisubiri, na watoto hawakuja. Mzazi gani angemwacha mwanawe nyuma ya duka la maharamia, kwa watu asiowajua? Mambo yaligeuka Calegari alipoingia kazini sawasawa. Yeye alikuwa mwalimu na alijua namna ya kuzungumza na walimu wenzake na wazazi. Polepole viti vikajaa.

Wageni huja kupiga picha duka. Watoto waliletwa na mtu aliyeaminiwa. Makala hii inamhusu mtu wa namna hiyo: mkufunzi wa sanaa anayefanya kazi na vijana ndani ya shirika la fasihi lisilo la faida, awe Chicago, Dublin, Nairobi au Dar es Salaam. Mhariri alinipa swali jepesi: kazi hiyo ni nini hasa, na kwa nini wanaoifanya hawadumu?

Mhariri mkali asiyeonekana

Katika vituo vya 826, vilivyozaliwa na kile cha Valencia, na katika ndugu yao wa Dublin, Fighting Words, kilichoanzishwa mwaka 2009 na mwandishi Roddy Doyle pamoja na Seán Love, kuna kipindi kimoja kinachostahili kutazamwa kwa karibu.

Darasa zima la shule ya msingi hufika asubuhi. Watoto wanaketi, msimulizi anasimama mbele. Mtu mmoja anachapa kila sentensi inayokubaliwa na maneno yanatokea kwenye skrini. Mwingine anachora wahusika papo hapo. Kuna mhariri pia, mkali ajabu, ambaye haonekani. Anasikika tu, akitishia kuwafukuza kazi wote kama hadithi haitakuwa mpya. Watoto humchukia kwa raha zao. Wanabishana mhusika mkuu awe mbuzi au jokofu, wanapiga kura, wanasonga mbele.

Hadithi ikifika patamu, pale kila mtu anapotaka kujua kitakachotokea, msimulizi anaikata. Kila mtoto anapewa karatasi aimalizie mwenyewe. Wakati wanaandika, wasaidizi wako kando wanachapisha kurasa na kuzifunga. Kipindi kikiisha kila mtoto anaondoka na kitabu chenye jalada, na mwisho wa hadithi ni wake peke yake.

Hesabu sasa watu wazima waliohitajika: msimulizi, mchapaji, mchoraji, mhariri wa mafichoni, wafunga vitabu, na wale wanaopita katikati ya watoto wakiinama kusikiliza. Shule yenye mwalimu mmoja kwa wanafunzi 60 haiwezi kufanya hivi hata ikitaka.

Kwa vijana wakubwa kazi huwa ya mtu na mtu. Chukua kijana wa miaka 16 aliyeandika kwamba maisha ya mtaani ni magumu. Mwalimu wa shule, mwenye madaftari mengine 59 ya kusahihisha kabla ya kulala, atatia vyema na kufungua daftari linalofuata. Mkufunzi wa warsha hana ruhusa hiyo. Atauliza: magumu saa ngapi?

Kijana atacheka. Kisha atafikiri. Kisha atasema saa kumi na moja alfajiri, mama anapohesabu sarafu za nauli kwa vidole, gizani, asiwashe taa wadogo wakaamka. Mkufunzi hasemi vizuri. Anasema: andika hiyo. Na wiki inayofuata anauliza kama mama alikuwa ameketi au amesimama.

> Mkufunzi hasemi vizuri. Anauliza kama mama alikuwa ameketi au amesimama.

Hiyo ndiyo rasimu ya pili, na hapo ndipo kijana anapogundua kwamba alichonacho kichwani ni kingi kuliko alichokuwa ameandika. Ili ifike, yanahitajika mambo mawili yasiyo na mvuto wowote kwenye ripoti ya mradi: mkufunzi yuleyule arudi wiki inayofuata, na awe amesoma.

Kuna utafiti wa kuegemea hapa. Shirley Brice Heath, mtaalamu wa lugha na jamii wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwafuatilia kwa zaidi ya muongo mmoja vijana wa Marekani katika vikundi vya mitaani vya baada ya shule. Katika vikundi vya sanaa alisikia lugha yenyewe ikibadilika: vijana walianza kusema zaidi kwa namna ya "je, ingekuwa hivi" na "tukifanya vile kutatokea nini". Aliona sababu katika kazi yenyewe. Anayepanga onyesho au kitabu na wenzake hulazimika kukisia, kupendekeza na kukosolewa kila siku.

Si jambo la jana

Waandishi kuingia madarasani Marekani kulianza kushika mizizi miaka ya 1960. Mwaka 1967 lilizaliwa New York shirika la Teachers & Writers Collaborative, lililowapeleka washairi na wanariwaya shuleni wafanye kazi kando ya walimu. Chicago, mwalimu Bob Boone alianzisha Young Chicago Authors mwaka 1991. San Francisco ikapata Youth Speaks mwaka 1996, miaka sita kabla ya maharamia wa Valencia. Mwaka 2001 Los Angeles ilipata WriteGirl, inayomkutanisha msichana mmoja na mwandishi mmoja mwanamke. Amanda Gorman, aliyesoma shairi wakati Rais Joe Biden akiapishwa Januari 20, 2021, akiwa na miaka 22, alipitia huko.

Kwetu mambo hayakuanza kwa kuiga. Mwaka 1977, kijijini Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walileta rasimu ya tamthilia kwa wanakijiji wa kituo cha elimu na utamaduni. Mazoezi yalifanyika hadharani. Wafanyakazi wa mashamba na viwanda waliisikiliza, wakaikosoa, wakarekebisha lugha ya wazee na habari za maisha yao wenyewe, wakaibadilisha. Serikali ilifuta kibali cha maonyesho Novemba mwaka huohuo, na kabla mwaka haujageuka Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Watu hukumbuka kizuizi. Mimi naona yale mazoezi yalistahili kukumbukwa vilevile: wasomi wamekaa chini wakirekebishwa Kikuyu chao na vibarua.

Tanzania ina mfano ambao hauzungumzwi inavyopasa. Mwaka 1996, Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia za *Hatia* na *Nguzo Mama*, akiwa na mwenzake Amandina Lihamba katika idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mradi wa Tuseme kwa wasichana wa sekondari. Haukuwa mradi wa kuwapa wasichana igizo walikariri. Wasichana walikaa kwanza wakachambua kinachowakwamisha shuleni, wakatafuta chanzo chake, ndipo wakatunga igizo. Baada ya igizo, shule nzima ilijadili, walimu wakiwemo, na klabu ikabaki pale wageni walipoondoka. Baadaye mtandao wa FAWE, unaotetea elimu ya wasichana barani Afrika, uliuchukua mradi huo na kuupeleka katika nchi nyingine.

Leo wapo wengine wanaoifanya kazi hii kwa njia zao. Kampala kuna FEMRITE, ambayo klabu yake ya wasomaji na waandishi hukutana Jumatatu. Dar es Salaam kuna Soma, mkahawa wa vitabu chini ya Demere Kitunga. Nairobi, Book Bunk ya Wanjiru Koinange na Angela Wachuka ilichukua kazi ya kuzifufua maktaba tatu za umma: McMillan katikati ya jiji, ambayo ilipofunguliwa mwaka 1931 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma, na zile za Kaloleni na Makadara, Eastlands, ambako mtoto anafika kwa miguu.

Dakika tatu, waamuzi watano

Mvutano kati ya jukwaa na rasimu ya pili unaanzia hapa, na mahali pazuri pa kuutazama ni Chicago.

Mashindano ya ushairi wa jukwaani, slam, yalibuniwa jijini humo miaka ya 1980 na Marc Smith, mshairi aliyekuwa akifanya kazi za ujenzi. Kanuni zake zinajulikana hadi Nairobi: dakika tatu, waamuzi watano wanaochaguliwa kutoka kwa watazamaji, alama kuanzia sifuri hadi kumi, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinaondolewa. Mwaka 2001 Young Chicago Authors ilichukua mchezo huo ikawapa vijana wa sekondari na kuuita Louder Than a Bomb. Ulikua hadi kupita timu 100. Filamu ya mwaka 2010 iliupeleka duniani. Rapa Noname ni mmoja wa waliopita humo, na mwimbaji Jamila Woods alikuwa miongoni mwa viongozi wa kisanaa wa shirika hilo.

Wanaotetea jukwaa wana hoja nzito, na sitaki kuipuuza. Mtoto wa miaka 15 haji kwa ajili ya rasimu ya pili. Anakuja kwa sababu rafiki yake alipanda jukwaani na ukumbi ukalipuka. Shule ya upande wa kusini wa Chicago na shule ya kitongoji cha matajiri hazina mahali pengine pa kukutana zikasikilizana. Na mfadhili anayeuliza pesa yake imefanya nini ana haki ya kujibiwa. Ukumbi uliojaa ni jibu.

Waandaaji wenyewe walikuwa wakiwarudia vijana kwamba alama si hoja. Lakini kijana ana macho. Anaona shairi la mwenzake kuhusu kifo cha kaka yake likipata 9.8, na lake kuhusu ndege wa nyanya yake likipata 7.1. Mwaka unaofuata atatafuta kifo.

> Mwaka unaofuata atatafuta kifo.

Waamuzi hawana ubaya. Wanapewa dakika tatu kumsikia mtu wasiyemjua, na uchungu ndio unaosikika haraka. Lakini mkufunzi ndiye anayebaki na kijana Jumanne inayofuata, shangwe zikiwa zimekwisha, kijana akiwa amesema mbele ya watu mamia jambo ambalo hajawahi kumwambia mama yake.

Mfadhili naye ana mizani yake. Ripoti ya mwaka inataka "kisa cha mafanikio": picha, jina la kwanza, umaskini mwanzoni, tabasamu mwishoni. Mkufunzi mzuri anajua ni kijana yupi ana kisa kitakachofungua mkoba, na anajua pia kwamba kijana huyo ndiye hasa anayepaswa kuachwa aandike juu ya mpira kwa mwaka mzima kama anataka. Mara ngapi atashinda ubishi huo na ofisi inayoandika maombi ya ruzuku? Inategemea kama ana mkataba au hana.

Maneno ya nani?

Wakenya walilishuhudia swali hili likiwa limevaa nguo nyingine. Aprili 10, 2025, wasichana wa shule ya Butere walijitokeza mbele ya ukumbi katika shule ya Kirobon, Nakuru, katika tamasha la kitaifa la drama. Igizo lao, *Echoes of War*, lilikuwa limezuiwa, kisha Mahakama Kuu ikaamuru liruhusiwe. Mwandishi wake, aliyekuwa seneta wa Kakamega Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza. Nje polisi walikuwa wakirusha vitoa machozi.

Serikali ilijiaibisha, hilo halina mjadala. Ilikuwa pia mara ya pili kwa shule hiyohiyo na mwandishi huyohuyo: mwaka 2013 *Shackles of Doom* nalo lilipigwa marufuku, na mahakama ikaliruhusu. Ila katika kelele zote zile jina lililotajwa zaidi lilikuwa la mtu mzima. Wasichana waliitwa mashujaa, wahanga, vibaraka, kutegemea msemaji yuko upande gani. Wangetunga nini wao wenyewe wangeachiwa kalamu? Swali hilo halikupata nafasi.

Tamasha la drama si shirika la fasihi, na shule nyingi hukodi watunzi na waongozaji kutoka nje kwa sababu ushindani ni mkali. Lakini ugonjwa ni mmoja. Palipo na kombe, mtu mzima hushika kalamu. Hata katika warsha ya ushairi utamsikia mkufunzi akimpa kijana mstari wake mwenyewe, mstari mtamu, na kijana ataupokea na kushinda nao. Wenye uzoefu hujizuia kwa mbinu ndogo ndogo: kalamu ya mkufunzi haigusi karatasi ya kijana, kijana husoma kwa sauti yeye mwenyewe, na marekebisho huulizwa kama swali.

Kuna pia suala la lugha, ambalo Nairobi limezoeleka kiasi kwamba halionekani tena. Warsha nyingi huendeshwa kwa Kiingereza, maombi ya ruzuku huandikwa kwa Kiingereza, na kijana wa Kaloleni ambaye utani wake wote ni wa Sheng na Kiswahili huandika rasimu ya kwanza akiwa amejifunga tai shingoni. Wapo wakufunzi wanaoruhusu lugha yoyote katika rasimu ya kwanza na kuchagua baadaye. Wengi wao wana bahati ya kutosimamiwa kwa karibu.

Wanaolipa na wanaolipwa

Sasa pesa. Mkufunzi wa sanaa, Marekani na kwetu, kwa kawaida hulipwa kwa kipindi. Kipindi ni saa moja na nusu. Kukiandaa hakulipwi. Kusoma rasimu 20 usiku hakulipwi. Kumsindikiza kijana hadi kituo cha basi kwa sababu leo hataki kwenda nyumbani peke yake hakuna safu yake kwenye fomu. Ruzuku nyingi hutolewa kwa mradi, miezi 12 au chini, na zimefungwa: zinalipia ukumbi, mabango, vyombo vya sauti, fulana. Mshahara wa mtu wa kudumu huitwa gharama za uendeshaji, na gharama za uendeshaji wafadhili huzikwepa kama deni la jirani.

Vituo vya 826 vimeziba pengo kwa watu wa kujitolea. Duka la Valencia lilizaa wenzake: vifaa vya mashujaa wenye nguvu za ajabu huko Brooklyn, duka la wasafiri wa wakati huko Los Angeles, la majasusi huko Chicago. Maduka huingiza kiasi fulani cha fedha, lakini nguzo ni wale wanafunzi wa vyuo, wastaafu na waandishi wanaotoa saa zao bure. Mfumo huo unawezekana katika jiji lenye watu wengi wenye saa za bure. Anayetaka kuuhamishia Makadara au Mbagala ajiulize kwanza nani ana alasiri ya kugawa.

Wapo pia wanaouliza kama watu wa kujitolea hawaipi serikali kisingizio cha kuacha shule za umma zichakae. Ni swali la haki, na Calegari analijua vizuri: mwaka 2005 yeye, Eggers na Daniel Moulthrop walitoa kitabu kizima kuhusu mishahara duni ya walimu wa Marekani. Mtu anaweza kufungua kituo cha kusaidia watoto kuandika na bado akadai mwalimu alipwe.

Mwaka 2025 ulionyesha jinsi kamba yenyewe ilivyo nyembamba. Usiku wa Mei 2, mashirika ya sanaa kote Marekani yalianza kupokea barua pepe kutoka mfuko wa serikali wa sanaa, NEA, ulioundwa mwaka 1965, kwamba ruzuku zao zimefutwa. Mashirika ya fasihi yalikuwemo, baadhi yakiwa yameshatumia fedha kwa kutegemea kurejeshewa. Miezi miwili baadaye shirika la misaada la USAID lilikoma kufanya kazi, na Afrika Mashariki nzima ikajifunza upya maana ya mfadhili mmoja mkubwa.

Katika hali hiyo shirika hupunguza nini? Tamasha halipunguzwi, kwa kuwa ndilo linaloleta mfadhili anayefuata. Vipindi vya kila wiki huwa vya kila mwezi. Mkufunzi anaambiwa ataitwa.

Mlango usiofungwa

Kuna hatari nyingine ambayo watu wa sanaa hawapendi kuizungumzia mbele ya wageni. Kazi hii inamweka mtu mzima karibu sana na siri za mtoto. Kijana anayeandika ukweli wake anamkabidhi msomaji funguo, na si kila msomaji ni mwema.

Mwaka 2021 Young Chicago Authors ilitikisika kutokana na malalamiko kwamba tuhuma za unyanyasaji wa kingono hazikushughulikiwa ipasavyo. Uongozi ulibadilishwa na jina la Louder Than a Bomb likawekwa kando. Shirika lililokuwa limewaambia vijana kwa miaka 30 kwamba hadithi zao zina uzito lilidaiwa kushindwa kusikiliza zile zilizolihusu lenyewe.

Hatua za kinga zinajulikana: watu wazima wawili chumbani, mlango wazi, hakuna ujumbe wa simu wa faragha usiku, na mtu wa kupokea malalamiko asiye rafiki wa mkurugenzi. Zote zinataka wafanyakazi wa kutosha na wanaodumu. Shirika linaloendeshwa na vibarua wanaobadilika kila mradi haliwezi kujua nani yuko chumbani na nani.

> Shirika linaloendeshwa na vibarua haliwezi kujua nani yuko chumbani na nani.

Ridhaa ya kuchapisha nayo imo humuhumu. Fomu ya mzazi husainiwa siku ya kwanza, kabla mtoto hajaandika chochote. Lingekuwa jambo la busara isainiwe na kijana mwenyewe akiwa amekwisha kuiona rasimu ya mwisho, na awe na haki ya kuondoa ukurasa wake asubuhi ya uchapishaji. Mchapaji atalalamika. Alalamike.

Gredi ya 10 na mlango wa TSC

Kenya sasa imeliweka mezani suala la nani afanye kazi hii, bila kukusudia. Mtaala mpya una njia tatu katika sekondari ya juu, na mojawapo ni sanaa na sayansi ya michezo. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipangiwa kuanza Januari 2026. Tanzania nayo ilianza mitaala mipya mwaka 2024, na kupitia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, imeonyesha kwamba serikali inaweza kutenga fedha kwa fasihi. Tuzo, kwa asili yake, humpata aliyekwisha kuandika.

Kwa mkuu wa shule huko Butere au Bungoma hesabu ni ngumu zaidi. Anaye mwanafunzi aliyechagua sanaa. Hana mwalimu aliyewahi kumaliza mswada. Mtaani kwake, au mjini kilomita chache, yuko kijana wa miaka 27 aliyeendesha warsha za uandishi kwa miaka minne katika mashirika matatu, anayejua kuuliza magumu saa ngapi. Hana cheti cha ualimu, hivyo Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, haiwezi kumsajili, na asiyesajiliwa haruhusiwi kisheria kuajiriwa kufundisha.

Njia iliyobaki ni shirika la fasihi kumpeleka shuleni kama mgeni wa kila wiki, likimlipa lenyewe, jinsi New York walivyofanya mwaka 1967. Kwa shule moja, muhula mmoja, gharama kubwa ni mtu: vipindi vyake, saa zake za kusoma, nauli. Karatasi na chai ni chenji. Hakuna bango la kupiga nalo picha mwishoni, na bajeti za namna hiyo ndizo ambazo maofisa wa mashirika huambiwa wazirudishe wakaongeze shughuli inayoonekana.